Kuwasha jeni za E. coli kwa anhidrotetrasaiklini

Tetrasaiklini ikikaa kwenye asidi kali hupoteza molekuli moja ya maji na kugeuka anhidrotetrasaiklini, ambayo maabarani huandikwa aTc. Kama dawa, imeharibika: haishiki vizuri ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini), kwa hiyo haizuii sana ukuaji wa bakteria. Ila protini ya TetR, inayokalia promota ya tet (kipande cha DNA kinachoanzisha usomaji wa jeni) na kuzima jeni iliyo mbele yake, huikamata kwa nguvu takriban mara 35 kuliko inavyoikamata tetrasaiklini. Ikishaikamata, TetR hubadilika umbo na kuachia DNA. Ndiyo maana kiasi cha nanogramu tu kwa mililita kinatosha kuwasha jeni huku bakteria wakiendelea kukua.

Nunua unga safi wa chumvi ya hidrokloridi. Usijaribu kuipata kwa kuchakaza vidonge vya tetrasaiklini. Humo huzaliwa pia epianhidrotetrasaiklini, inayodhuru figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari waliripoti wagonjwa walioumia figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyochakaa. Vaa glavu hata ukishika unga safi.

Pima miligramu 10, yeyusha kwenye mililita 10 za ethanoli, upate akiba ya miligramu 1 kwa mililita. Igawe kwenye vichupa vidogo, vifunge kwa foili, weka kwenye nyuzi −20. Usiipitishe kwenye otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke). Mwanga ndio adui mkubwa wa aTc, na kichupa kilichosahauliwa mezani mchana kutwa ni bora ukitupe kuliko kubahatisha.

Otesha bakteria kwenye LB (mchuzi wa kulishia bakteria) kwa nyuzi 37, chupa ikitikiswa, mpaka spektrofotomita isome 0.4 hadi 0.6 kwenye nanomita 600. Kwa mililita 100 za bakteria, tia mikrolita 10 za akiba; hapo unapata nanogramu 100 kwa mililita. Funika chupa kwa foili, endelea kutikisa saa 3, kisha vuna. Chupa ya pili itie mikrolita 10 za ethanoli tupu. Bila hiyo huwezi kujua kama protini unayoiona imetokana na aTc au ilikuwa ikitengenezwa kidogo kidogo tangu mwanzo.

Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Kwa plazmidi mpya (kipande cha duara cha DNA kinachobeba jeni yako), jaribu chupa ndogo zenye nanogramu 0, 25, 50, 100 na 200 za aTc kwa mililita, uchague kiwango cha chini kinachokupa protini ya kutosha. Kupandisha dozi ovyo hakusaidii: TetR yote ikishakamatwa hakuna cha zaidi cha kuwasha, na aTc ikizidi sana huanza kuudhuru utando wa bakteria.

Jeni ikikataa kuwaka, kagua kwanza umri wa akiba na mwanga ulioipata. Pili, kagua kama kuna EDTA, kemikali inayonasa madini. TetR huikamata aTc vizuri zaidi ikiwa imeshikana na magnesiamu, na EDTA huinyang'anya magnesiamu hiyo. Tatu, kagua aina ya bakteria: wenye Tn10 (kipande cha DNA kinachohama, chenye jeni za kustahimili tetrasaiklini) wana TetR yao wenyewe, nayo inakula sehemu ya aTc yako.

Jeni ikiwaka kabla hujatia chochote, mara nyingi nakala za plazmidi ni nyingi kuliko TetR inavyoweza kuzikalia. Hamia plazmidi yenye nakala chache au ongeza TetR. Na usitumie tetrasaiklini kuchagua bakteria wenye plazmidi, kwa kuwa nayo huiondoa TetR kwenye DNA. Tumia ampisilini au kanamaisini, kulingana na plazmidi.

Ukiotesha usiku kucha, kumbuka aTc inaendelea kuoza kwenye LB yenye joto. Ongeza nusu ya dozi ya kwanza baada ya saa kadhaa.

Kwa seli za mamalia zenye mfumo wa Tet-On, ambamo protini ya rtTA iliyotokana na TetR huwasha jeni ikikamata dawa, mambo ni tofauti: huko kwa kawaida hutumika doksisaiklini.