Namna ya Kuchagua Kofia ya Baridi kwa Mwanamume Anayepanda Lushoto

Mkazi wa Tanga mjini anayesafiri kwenda Lushoto kati ya Juni na Agosti huliacha joto la pwani, hupita Mombo, huzipanda kona za mlimani, kisha hujikuta katika mji ulio takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu wa alfajiri huuma masikio. Kofia ya viua, ambayo ndiyo heshima ya mwanamume wa pwani, haimfai hapo, kwa kuwa vitundu vyake hutobolewa makusudi ili hewa ipite na kichwa kipoe. Kinachohitajika ni mzula, yaani kofia ya kufumwa inayofunika hadi masikio.

Kwanza chunguza uzi. Sufu ndiyo bora kwa milima ya Usambara, kwa sababu hufyonza unyevu na bado ikahifadhi joto, ilhali pamba ikilowa humzidishia baridi aliyeivaa. Akriliki, uzi wa kiwandani unaofanana na sufu, ni ya bei nafuu na hukauka upesi. Kwa kuwa mizula mingi ya mtumba inayouzwa Ngamiani, Tanga mjini, imekwisha kukatwa lebo, chomoa uzi mmoja uliolegea, uuwashe kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, lakini akriliki huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Ni adabu kumwomba muuzaji ruhusa kabla ya kutoa kiberiti.

Kisha pima mzingo wa kichwa kwa futi ya fundi cherehani, ukiipitisha juu kidogo ya nyusi na masikio. Wanaume wengi huwa kati ya sentimita 56 na 60. Mzula unaobana huacha alama kwenye paji la uso na hupanda wenyewe hadi masikio yakabaki wazi. Ule wenye pindo pana ninauona bora kuliko yote, kwani ukikunjwa huweka tabaka mbili masikioni, mahali penye shida hasa.

Kuhusu umaridadi, mwenye uso wa mviringo auache mzula uinuke kidogo utosini, na mwenye uso mrefu aushushe karibu na nyusi. Kijivu, kahawia na bluu iliyoiva hukubaliana na makoti mengi. Mzula wa mistari uvaliwe na koti la rangi moja. Pama ya felti humpendeza mtu mzima aliyevaa koti, lakini haifuniki masikio, hivyo ni ya mchana.

Sufu hufuliwa kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kukamuliwa kwa kusokotwa, kwa kuwa maji ya moto huifanya isinyae, kisha hutandazwa kivulini. Ukirudi Tanga, hakikisha imekauka kabisa kabla ya kuiweka kwenye mkebe wenye mfuniko, maana unyevu wa pwani huleta ukungu wa nguo, na nondo hutaga kwenye sufu mayai ambayo viwavi vyake huila.