Umetuma kimoja, kompyuta inasema sita

Usiku mmoja nilikesha kwa sababu ya koma. Mstari wenyewe wa Python ulikuwa huu:

`threading.Thread(target=tuma, args=("salamu")).start()`

Fankisheni `tuma` inapokea kitu kimoja, yaani agumenti moja, nami nilikuwa nimeipa kimoja. Jibu likaja: `tuma() takes 1 positional argument but 6 were given`. Sita! Nikaichokonoa `tuma`, nikaiandika upya, wapi. Mwisho, kwa kuchoka tu, nikabadili "salamu" ikawa "jambo". Ujumbe ukasema 5. Nikacheka peke yangu: ilikuwa inahesabu herufi.

Katika Python, mabano peke yake hayatengenezi mfuatano wa vitu. Kinachoutengeneza ni koma. `("salamu")` ni neno lilelile, na Thread, inayoiendesha `tuma` pembeni, ikilipata hulipasua herufi moja moja. Andika `("salamu",)`. Mimi siku hizi naandika `["salamu"]`, maana koma inayoning'inia mwishoni ni rahisi kuifuta ukidhani ni uchafu. Mtego huohuo uko kwenye `execute` ya sqlite3 (moduli ya Python ya hifadhidata), ambayo nayo italalamika kwamba swali linahitaji 1 na umeleta 6. Na ole wako ujaribu kwa neno la herufi moja: litapita bila kosa lolote.

Kilichonichelewesha zaidi ni kwamba ripoti ya kosa haikuutaja mstari wangu hata mara moja. Ilitaja faili la `threading.py`, penye `self._target(*self._args, **self._kwargs)`. Ile nyota kabla ya `_args` ndiyo inayopasua. Laiti ningeitazama mapema.

Kwa hiyo sasa naanza na tarakimu. Ujumbe hauhesabu ulichoandika, unahesabu kilichofika. Jiulize: ni kitu gani hapa kina idadi hiyo? Ikilingana na urefu wa neno, tafuta koma. Ikizidi kwa 1 tu na unaita kitu kilichomo ndani ya klasi, umesahau `self`, ile nafasi ya kwanza inayopokea kitu chenyewe: kama `d` imetengenezwa kwa klasi `Daftari`, `d.andika("leo")` hufika ikiwa vitu viwili, `d` na "leo", hata kama macho yako yanaona kimoja.

Kuna kinyume chake, na huyu ndiye mwongo mkubwa kuliko wote. Klasi iko sawa, `self` ipo, lakini umeandika `d = Daftari` ukasahau mabano. Ukiita `d.andika("leo")` unaambiwa agumenti `neno`, ile inayofuata `self`, haipo, ilhali unaiona pale pale. Ipo, ila imekalia kiti cha `self`, na kiti cha `neno` kimebaki kitupu. Usiongeze agumenti ya pili ili kuinyamazisha. Rudi juu uandike `Daftari()`.

Ukiwa bado gizani, ibadilishe fankisheni kwa muda:

```
def tuma(*vitu):
    print(vitu)
```

Hii inapokea chochote na kukuonyesha. Mimi ingenichapia `('s', 'a', 'l', 'a', 'm', 'u')`, nami ningeenda kulala.

Ukihamia JavaScript, mambo hugeuka: haikwambii lolote kuhusu idadi. Agumenti ya ziada inatupwa kimyakimya, iliyokosekana inakuwa `undefined`, na kosa linaibuka mbali huko: `Cannot read properties of undefined (reading 'length')`. Hapo usirekebishe penye `length`. Panda ngazi za ripoti, mwito mmoja baada ya mwingine, hadi umpate aliyeita bila kutoa kitu. Na ukishampata, weka ukaguzi mwanzoni mwa fankisheni: thamani ikiwa `undefined`, itupe kosa lenye jina la agumenti hiyo papo hapo.