Uwanja wa mtaa wenu: jinsi ya kuulinda na kuutunza

Ukinunua ploti ya futi hamsini kwa mia Kiamunyi au Lanet, mchoro wa muuzaji huwa na kipande cha kijani katikati: uwanja wa watoto. Kipande hicho huliwa polepole. Huanza vifusi vya ujenzi, kinafuata kibanda, halafu siku moja mnakuta bikoni mpya, yaani alama za mipaka. Kazi yangu ni kutunza maeneo ya pamoja katika mitaa ya Nakuru, na nawasihi wakaazi waanze na karatasi. Nyasi zitangoja.

Hatua ya 1: Tafuta mpango ulioidhinishwa
Mchoro wa muuzaji ni tangazo tu. Omba nakala yenye muhuri katika idara ya mipango ya kaunti. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inataka ugawaji wa ardhi upate idhini ya kaunti, na idhini huja na masharti. Yasome yote, maana humo ndimo mtajua ardhi gani ilitengewa barabara, uwanja au shule. Linganisha na ramani ya usajili, kisha andika namba ya ploti ya uwanja.

Hatua ya 2: Fanya sachi ya namba hiyo (ukaguzi wa jina la mmiliki katika ofisi ya ardhi)
Uwanja ukiwa kwa jina la kaunti au la kampuni ya wakaazi, vizuri. Ukiwa bado kwa jina la aliyegawa ardhi, hapo pana hatari, kwa sababu anaweza kuuuza au kuuweka rehani. Mwandikieni barua kwa pamoja mkidai aukabidhi, nakala iende kaunti. Fanyeni hivyo angali na ploti za kuuza. Akishamaliza, hata simu hashiki.

Akitokea mtu na hati ya uwanja wa umma, msitishike. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu eneo la wazi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Rudisheni bikoni
Mpimaji mwenye leseni azionyeshe, nanyi mpande ua wa michongoma.

Hatua ya 4: Ongozeni maji
Hapa ndipo viwanja vingi hufia. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi, na mvua kubwa huuchimba makorongo. Maji ya mapaa na barabara yakingwe kwa mtaro wa mteremko mdogo, uliopandwa nyasi. Msiyaelekeze kamwe kwenye ufa wa ardhi: maji huupanua kutoka chini, na ardhi inaweza kudidimia. Kisumu, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, shida ni maji kutuama na kuzaa mbu. Huko inueni uwanja kidogo katikati.

Hatua ya 5: Pandeni masika yakianza
Miti kama musine na migunga ikae pembeni, katikati pabaki wazi kwa mpira. Uwanja unaochezewa kila jioni ni vigumu kuunyakua. Mikaratusi msiipande karibu na nyumba.

Hatua ya 6: Pangeni mchango
Katika nyumba za ghorofa, sheria ya mwaka 2020 inaipa jumuiya ya wamiliki uwezo wa kutoza ada. Mitaa ya ploti huhitaji katiba ya chama au kifungu katika mkataba wa mauzo. Pesa za kufyeka na kuzibua mitaro zitenganishwe na mshahara wa mlinzi, na hesabu zitumwe kwa kila nyumba mwisho wa mwezi.