Kaktasi ya Krismasi imelegea: jinsi ya kujua tatizo na kuitibu

Kaktasi ya Krismasi ikilegea, karibu kila mtu hufanya jambo lilelile: anachota maji. Kesho yake akikuta bado imelala, anaongeza mengine. Baada ya siku chache pingili zinaanza kudondoka zenyewe, na mmea unatupwa kwa madai kwamba "ulikosa maji". Nyingi kati ya hizi nilizoletewa hapa Mwanza hazikuwa na kiu hata kidogo. Mizizi ilikuwa imeoza kwa unyevu, haiwezi tena kunywa, kwa hiyo juu mmea unanyauka huku chini umekaa kwenye tope. Ndiyo maana somo hili linaanzia chini, na naomba tulifuate hivyo: usimwage hata tone kabla hujajua hali ya mizizi.

Asili yake inaeleza mengi. Ni mmea wa misitu ya milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazil. Huko haukai ardhini. Unaota juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za miamba, mizizi ikishika majani yaliyooza. Mvua inapiga, maji yanapita, hewa inaingia. Kwa hiyo siyo kaktasi ya jangwani ya kuachwa juani bila maji, na wala siyo mmea wa kinamasi. Tena, zile bapa tunazodhani ni majani ni shina lenyewe lililogawanyika pingili. Hilo litatusaidia mbele.

Hatua ya kwanza: shika udongo

Ingiza kidole hadi kiungo cha pili, kisha nyanyua chungu upime uzito. Kikiwa chepesi na udongo ni mkavu hadi chini, basi kweli una kiu. Angalia pia kama udongo umejitenga na ukuta wa chungu. Ukiwa hivyo, maji ya kumwagia juu yatapita pembeni tu na kutokea chini. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji kidogo kwa nusu saa, kisha kitoe kichuruzike vizuri. Pingili zikianza kukaza ndani ya siku mbili tatu, kazi imekwisha, huna haja ya hatua zinazofuata.

Udongo ukiwa na unyevu na pingili bado zimelegea, hapo kuna tatizo. Endelea.

Hatua ya pili: utoe mmea, usome mizizi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanaiogopa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Lazia chungu ubavu, gonga kingo, mmea utoke na udongo wake. Usiuvute kwa pingili, zitakatika. Tikisa udongo taratibu, kisha suuza mizizi kwa maji yanayotiririka.

Mzizi mzima una rangi nyeupe au kahawia hafifu, na ukiuvuta unakaza. Uliooza ni kahawia iliyokolea au mweusi. Ukiubana kwa vidole viwili na kuvuta, ngozi yake inavuka yote na unabaki na uzi mwembamba mkononi. Na una harufu ya mtaro uliotuama. Ukishaviona hivi viwili kimoja karibu na kingine, hutavichanganya tena maishani.

Sasa kagua shingo, pale shina linapoingia udongoni. Bonyeza kwa ukucha. Ikiwa ngumu, hata kama ina ganda kavu la uzee, mmea unaokolewa. Ikiwa laini, imelowa maji na kahawia inapanda kuelekea pingili za juu, uozo umeshapanda kutoka mizizini hadi shinani. Ruka hatua ya tatu uende ya nne.

Niseme kidogo kuhusu udongo, maana hapa kwetu ndio chanzo kikubwa. Wengi hujaza vyungu udongo mweusi wa mbuga kwa sababu unajulikana kwa kustawisha mpunga. Shambani una nguvu kweli. Ndani ya chungu unashikamana, ukilowa hauachii maji, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Mchanga laini wa ufukweni nao hausaidii, unaziba matundu ya hewa. Tunachohitaji ni changarawe, na Mwanza tumejaliwa miamba: chembe kubwa zinazomomonyoka kwenye mawe ya milimani na kukusanyika kwenye mifereji baada ya mvua zinafaa kabisa, ukiziosha vumbi.

Hatua ya tatu: kata, kausha, panda upya

Futa kisu au mkasi kwa spiriti. Kata mizizi yote iliyooza hadi ufike kwenye sehemu nzima, ukifuta tena kila unapogusa uozo. Kama zaidi ya nusu ya mizizi imeondoka, punguza na pingili za juu, kwani mizizi michache haiwezi kulisha kichwa kikubwa. Uache mmea kivulini siku nzima ili majeraha yakauke.

Mchanganyiko wangu ni mboji iliyooza vizuri sehemu mbili, changarawe sehemu moja, na chenga za mkaa sehemu moja. Chungu kiwe kidogo kuliko unavyotamani: mizizi ikienea, ibaki nafasi ya kidole pembeni. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa kuwa kinapumua, lakini hata ndoo ya rangi iliyotobolewa chini vizuri inatosha. Udongo wa zamani tupa. Usiumwage kwenye maua mengine.

Subiri siku tatu hivi ndipo umwagilie, tena kidogo. Mbolea usiiguse hadi uone chipukizi jipya. Baada ya hapo, kanuni ni moja: mwagilia vizuri hadi maji yatoke chini, kisha usirudie hadi udongo wa juu ukauke sentimita mbili au tatu. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yamwage.

Hatua ya nne: shingo ikiwa imeoza

Usilie na usitupe. Tafuta ncha za juu ambazo bado ni kijani na ngumu. Shika pingili mbili au tatu zilizoungana, zungusha kwenye kiungo, zitaachia bila kisu. Tazama pale zilipoachia. Pakiwa kijani kitupu, sawa. Ukiona kahawia katikati, ugonjwa umefika hapo, sogea pingili moja juu zaidi uachanishe hapo.

Zianike kivulini siku moja hadi tatu, kidonda kifunge. Kisha chomeka nusu ya pingili ya chini kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo, vipande vitatu au vinne chungu kimoja ili kijae mapema. Ndani ya wiki tatu hadi sita, ukivuta kidogo utasikia kinagoma. Hapo una mmea mpya wenye asili ileile ya wa zamani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nyakato: Shikamoo mwalimu. Yangu haijalegea, ila pingili zimekuwa zambarau. Ni ugonjwa?*

Marahaba mwanangu. Kwanza angalia jua. Jua letu la mchana ni kali mno kwa mmea wa msituni. Uhamishie baraza ya mashariki, upate jua la asubuhi tu. Ukiwa tayari uko kivulini na umekaa kwenye udongo uleule miaka mingi, basi una njaa: mpe mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa mwezi.

*Mwanachama, Nansio: Kuna nyuzi za waridi zinatoka katikati ya pingili, juu kabisa. Nizikate?*

Acha. Hiyo ni mizizi ya hewani, na kwa mmea unaoishi juu ya miti ni kawaida, hasa huko kisiwani kwenye unyevu. Ila zikiwa nyingi kwa ghafla, kagua mizizi ya chini. Mara nyingi imeshindwa kazi na mmea unatafuta njia nyingine.

*Mwanachama, Buswelu: Ni mzima kabisa lakini haujawahi kuchanua, wala Krismasi wala Pasaka.*

Dada, unalala wapi huo mmea? Maana unapanga maua kwa kufuata usiku. Unataka giza la saa 12 hadi 14 kila usiku, kwa wiki sita hivi mfululizo, na ubaridi unasaidia sana. Sisi tuko karibu na ikweta, giza letu ni la takriban saa 12 mwaka mzima, yaani tuko pembeni kabisa ya kiwango. Taa ya ulinzi ya barazani inatosha kuharibu hesabu yote. Na usiuwekee Krismasi kama tarehe. Kwao Brazil huchanua karibu na Mei. Anza Juni, usiku ukipoa: ufunike kwa boksi saa kumi na mbili jioni, ufunue saa moja asubuhi, upunguzie maji. Vitumba vya maua vikionekana acha kufunika, na usihamishehamishe chungu wala kuacha udongo ukauke kabisa, vitadondoka.

*Mwanachama, Igoma: Kwenye viungo kuna kitu cheupe kama pamba.*

Vidung'ata hao, wananyonya maji ya mmea. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, gusa kila mmoja. Rudia kila wiki hadi wasionekane, maana mayai hubaki. Tazama na mizizini, hujificha hata huko.

*Mwanachama, Pasiansi: Mwalimu, nikinunua dawa ya ukungu duka la kilimo si nitaepuka usumbufu wa kuung'oa?*

Hapana, kaka. Dawa inaweza kuzuia uozo usienee, lakini mzizi uliokufa haufufuki, na udongo ule mzito ukibaki ugonjwa utarudi. Ung'oe kwanza. Pesa ya dawa nunua chungu chenye matundu.

*Mwanachama, Misungwi: Paka wangu ametafuna pingili mbili. Nina wasiwasi naye.*

Mmea huu hauna sumu kwa paka wala mbwa. Akila nyingi anaweza kutapika kidogo, mpe maji tu. Ila hizo pingili alizoacha zimedondoka, kama bado ni ngumu, anika leo, kesho kutwa zichomeke.