Namna ya kuandika historia ya baa ya zamani yenye bendi hapa Mwanza mjini

Kama kuna baa ya zamani hapo mjini kati, upande wa stesheni, bandarini, Rwagasore, Pamba Road au popote ambapo wazee wakipita wanasema "hapa palikuwa na bendi", na wewe unatamani habari zake ziandikwe kabla jengo halijavunjwa likasimama ghorofa la vioo, usingoje mtu wa chuo aje, anza mwenyewe. Hela nyingi haihitajiki, inahitajika simu yenye chaji, daftari, na moyo wa kukaa na watu wazima bila haraka. Ila kuna mpangilio, maana ukienda hovyo hovyo utarudi na stori tamu tupu, hazina mwaka wala jina la mtu, na baada ya mwezi mmoja huwezi tena kuziunganisha.

La kwanza kabisa, na hili nalisisitiza, usianze na mwenye baa. Najua ndo mtu wa kwanza kila mmoja anakuelekeza kwake, lakini mwenye baa au watoto wake watakupa historia ya mali: nani alinunua, nani alirithi, kesi ilikuwaje. Historia ya usiku wanayo waliofanya kazi usiku. Namaanisha baamedi, mpiga bezi, mpiga tumba, kijana aliyekuwa anabeba vyombo na kufunga spika, yule wa mlangoni aliyekata kiingilio, mama wa jikoni, muuza sigara wa nje, dereva wa teksi aliyekuwa anawarudisha watu Kirumba na Igogo saa nane za usiku. Hao ndo waliona kila kitu wakiwa hawajalewa! Na kati ya wote mimi nawapa nafasi ya kwanza baamedi wa zamani, maana wao wanakumbuka nani alikaa meza ipi, nani alikuwa halipi, wimbo gani ukipigwa watu wote wanaamka, na bendi ilivunjika kwa ugomvi wa nini. Wanahistoria wengi wanawapita hao wakinamama kama hawapo na matokeo yake tunabaki na majina ya mabosi tu.

Kabla hujaenda kuhoji mtu, jaza kichwa chako matukio ambayo kila mtu mzima wa huku kanda ya ziwa anayakumbuka, kwa sababu ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani" atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize kwa matukio. Ulianza kazi kabla ya vita ya Amin au baada? (hiyo ni 1978 hadi 1979). Sokoine anakufa, Aprili 1984, ulikuwa bado hapo? Mwalimu ameng'atuka 1985, bendi ilikuwepo? Meli ya MV Bukoba inazama, tarehe 21 Mei 1996, baa ilikuwa wazi au ilishageuzwa duka? Hilo la MV Bukoba uliulize kwa upole sana, maana hapa Mwanza ni wachache ambao hawakuguswa na msiba ule. Ukishapata kabla na baada mbili tatu kwa mtu mmoja, miaka inajipanga yenyewe.

Kuna na matukio yaliyoigusa biashara yenyewe moja kwa moja, haya yajue vizuri. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, na ndo mji ukaanza kupata watu wa kila kabila wenye mshahara. Halafu pamba: msimu wa kuuza pamba Usukumani ulikuwa unaleta hela mjini kwa mkupuo, kwa hiyo uliza bendi ilikuwa inapata watu wengi miezi gani. 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na katikati ya mji majengo mengi yalikuwa ya Wahindi, kwa hiyo baa nyingi zilijikuta zina mwenye nyumba mpya, yaani Msajili wa Majumba, chombo cha serikali kilichosimamia majengo hayo. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, na hapo bendi zilizokuwa zimezoea kwenda kurekodi Nairobi zikakwama, ikabaki studio ya Radio Tanzania kule Dar. Mwanzoni mwa miaka ya 80 bia ilikuwa ya shida, inakuja kwa mgao, mwulize yeyote aliyekuwa kaunta akueleze kreti zilikuwa zinagawanywaje, utapata ukurasa mzima. Miaka ya 90 vikaja viwanda vya minofu ya sangara, hela mpya ikaingia mjini na watu wapya, na 1994 Tanzania bara ikapata televisheni, ndo hapo baa nyingi zikaona ni rahisi kuweka skrini na mpira kuliko kulipa wanamuziki kumi na mbili.

Majina ya mitaa nayo ni kipimo kizuri. Lumumba wa Kongo na mwanamfalme Rwagasore wa Burundi, ambao mitaa ilipewa majina yao, wote waliuawa 1961, kwa hiyo mtu akikwambia baa ilifunguliwa mwaka 55 "pale Rwagasore", mtaa wakati huo ulikuwa na jina lingine, na inabidi ulitafute hilo la zamani kwenye ramani au hati la sivyo kwenye makaratasi ya mkoloni hutaiona baa yako kamwe. Vinywaji hivyo hivyo. Mtu akisema wakati mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe yuko bendi ya Morogoro Jazz yeye alikuwa anakunywa Balimi, hapo miaka imechanganyika, maana Mbaraka alitoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, akafariki Januari 1979, na Balimi ni bia ya juzi juzi. Usimkatalie usoni. Andika alivyosema, pembeni weka alama ya kuuliza, rudi siku nyingine na swali tofauti.

Na muulize mtindo! Bendi za dansi kila moja ilikuwa na mtindo wake wa kupiga na kucheza, wenye jina lake, Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wana Segere Matata, Morogoro Jazz Sululu, Super Volcano Masika, Maquis Kamanyola, Mlimani Park Sikinde, na bendi ndogo za mikoani nazo zilijipa mitindo yao. Mtu anaweza kusahau jina la bendi lakini mtindo haumtoki, maana ndo alikuwa anaucheza. Ukiona hakumbuki kabisa mpigie wimbo wa enzi hizo kwenye simu, sauti ndogo, usiseme kitu, subiri. Majina yataanza kumtoka yenyewe.

Sasa siku ya kuhoji. Nenda mchana, kabla baa haijaanza kupiga muziki, na kaa mbali na friji na feni maana simu inadaka ule mngurumo kuliko sauti ya mzee. Shikamoo kwanza, na kama unajua Kisukuma "mwadila" ya mchana inafungua milango mingi, halafu habari za nyumbani, za watoto, za mvua, usikimbilie swali. Mweleze unafanya nini na yataandikwa wapi, omba ruhusa ya kurekodi, weka simu isiite. Swali langu la kufungulia huwa ni moja: "Nikiingia mlangoni mwaka ule, naona nini?" Mpe karatasi na kalamu akuchoree jukwaa lilikuwa wapi, kaunta wapi, jiko, choo, mlango wa nyuma ambao wanamuziki walikuwa wanatokea. Mtu akishaanza kuchora anasahau kwamba anahojiwa. Atakwambia hapa ndo alikaa solo, rizimu huku, wapuliza tarumbeta nyuma kwa sababu wanaziba sauti za waimbaji, na hapa katikati sakafu ilisuguliwa na viatu mpaka ikang'aa.

Uliza hela zilikwendaje, hii wengi wanaisahau. Vyombo vilikuwa vya nani? Vya bendi, vya mwenye baa, vya shirika la umma? Hilo swali linaeleza karibu kila bendi iliyovunjika, kwa sababu mwenye vyombo ndo mwenye bendi, wanamuziki wakihama wanaondoka na sauti zao tu. Kiingilio kilichukuliwa na nani na bia ikachukuliwa na nani? Mazoezi yalikuwa siku gani? Walisafiri? Huku kwetu bendi zilipanda meli kwenda Bukoba, Musoma, Ukerewe, na uliza vyombo vilipakiwaje na kama nauli ilirudi.

Ukionyeshwa picha usiseme "nzuri" ukairudisha. Iangalie kama fundi. Ngozi ya dramu la mguu mara nyingi imeandikwa jina la bendi, wakati mwingine na mtindo. Angalia suruali na viatu, bugaluu (suruali pana miguuni) na raizoni (viatu vya soli nene) zinakupeleka miaka ya 70, na ukumbuke 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku nguo fupi na za kubana, kwa hiyo muulize mama aliye kwenye picha walikuwa wanavaa nini wakienda dansi na walipita njia gani wasikamatwe. Angalia lebo za chupa mezani. Geuza nyuma, studio nyingi ziligonga muhuri na kuna mtu kaandika tarehe kwa kalamu. Halafu piga picha ya picha hapo hapo, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, mbele na nyuma. Usiiondoe nyumbani kwa mtu hata akikulazimisha uchukue, picha za namna hiyo zikitoka zinapotea na familia haina nyingine.

Kaseti ni hivyo hivyo. Iliyokaa miaka mingi usiicheze moja kwa moja, izungushe kwanza mpaka mwisho na kurudi, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, chomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, na ihamishe yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na kelele na maneno ya mtangazaji, maana hapo kwenye maneno ndo kuna jina la ukumbi na tarehe.

Makaratasi yafuate baada ya watu, ukishakuwa na majina. Angalia juu ya ukuta wa jengo kama kuna mwaka au jina limechongwa kwenye plasta. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu, nenda ardhi halmashauri. Kama lilitaifishwa, Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990, kwa hiyo uliza kwao. Leseni za vileo ziko halmashauri pia. Nyaraka za Taifa wana kituo cha kanda hapa Mwanza kwa mafaili ya enzi za mkoloni, nenda na barua ya utambulisho. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Ngurumo yalikuwa na matangazo ya dansi, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo mengi.

Kuna sehemu utafika majina yanakatika. Ukimwi uligundulika Kagera 1983 na miaka iliyofuata ulipita kwenye bendi na baa za kanda hii vibaya sana, waimbaji, wapiga gitaa, dada wa kaunta. Mzee akisema "huyo aliumwa, akaondoka", ishia hapo. Usiulize ugonjwa gani, usiandike ugonjwa ambao familia haijautaja. Andika jina lake, alipiga chombo gani, aliimba wimbo upi. Na mama aliyekuwa baamedi ambaye sasa ni bibi wa kanisani, ana haki ya kubadilishiwa jina bila kuulizwa sababu.

Kwenye kuandika, watu wawili wakipingana weka yote mawili na useme nani kasema na alikuwa amesimama wapi, wa jukwaani anaona tofauti na wa mlangoni. Ukimaliza rudi kwa kila mmoja umsomee sehemu yake kwa sauti, hasa majina, maana mtu mmoja alikuwa na jina la nyumbani, la ubatizo na la jukwaani, na huku Ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani kwa Kisukuma, wako wengi. Chapa nakala chache, mpe kila aliyekusaidia ya kwake, moja peleka maktaba ya mkoa, na rekodi zenyewe zihifadhi sehemu mbili tofauti, kila faili na jina la mtu, tarehe ya mahojiano na mtaa.