Piga hesabu kabla hujalipia boksi

Ukitaka seti ya kuunda meli ya mbao inayofanana kweli na meli yenyewe, chukua urefu wa meli halisi ugawe kwa skeli (kipimo cha kupunguza ukubwa) iliyoandikwa kwenye boksi. Mfano Vasa, ile ya Uswidi iliyozama 1628: pamoja na mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele ya omo, ina urefu wa mita 69, kimo mita 52.5. Kwa skeli ya 1:75, yaani gawa kwa 75, utarajie sentimita 92 kwa 70. Boksi likisema urefu ni 80, ama skeli ni ya uongo ama mchoraji kakisia, lirudishe rafuni. Upana usiuamini, mara nyingi wanapima foromali (mti unaoshikilia tanga), si ubavu. Kwa Santa María ya Columbus hesabu hii haifui dafu: michoro yake haipo, kila seti ni makisio, hata ile ya bei ya kutisha.