Namna ya kuuliza mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji

Tulichangia darasa: kila kaya shilingi 10,000, pamoja na mchanga na zamu za kuchota maji. Kuta zilifika usawa wa madirisha, zikanyeshewa misimu miwili, na hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti tulimchagua wenyewe, nami niliona kumuuliza ni kumvunjia heshima. Nilipokuja kuuliza, ikajulikana mifuko 18 ya saruji imegandia stoo. Inaniuma mpaka leo, maana watoto walikuwa wanakaa chini ya mti.

Jua kwanza nafasi yako. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake.

Tafuta stakabadhi zako. Kama hukupewa, andika kwenye daftari tarehe, kiasi na uliyemkabidhi.

Wiki moja kabla ya mkutano, nenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa yeye ndiye katibu, umwombe mapato na matumizi yawe ajenda. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mimi nilikwenda na mwenyekiti wa kitongoji chetu, ikasaidia.

Siku yenyewe ina uzito wake. Huku Chamwino, mkoani Dodoma, Januari watu wako shambani wanapalilia uwele na mtama. Mkutano wa saa tatu asubuhi utakosa akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, na siku ya mnada ndiyo kabisa. Omba uwe alasiri, kisha pita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha majirani, hasa kina mama. Sisi huwa tunakaa nyuma na kunong'onezana, wakati maji na zahanati ndiyo mambo yetu kila siku.

Ukipewa nafasi, simama. Usianze na “mmekula hela zetu”, maana hapo mkutano unageuka ugomvi na swali linapotea. Mimi nilisema hivi: “Ndugu Mwenyekiti, naomba kujua tulichanga kiasi gani, zimetumika kiasi gani kwa kazi gani, zimebaki ngapi, na ziko wapi.” Kisha nyamaza usubiri. Akijibu moja tu, taja kwa upole yale matatu yaliyobaki.

Jibu likitoka, omba liandikwe kwenye muhtasari. Wakisema watajibu baadaye, omba tarehe nayo iandikwe. Ikipita kimya, andika kwa mtendaji wa kata, na baada yake kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, ukiambatisha nakala ya ile barua yenye muhuri.

Mkutano unaofuata usichelewe. Muhtasari uliopita husomwa mwanzoni, kisha yanaitwa yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na mkutano uliopita. Hapo ndipo unaponyoosha mkono tena.